Injili nne zilitoka kwa nani, na mbona hazisimulii kwa sauti moja?

MUUMINI Mkatoliki wa Keringet au Olenguruone, eneo la Kuresoi, husomewa masimulizi ya mateso ya Yesu mara mbili katika Juma Kuu. Jumapili ya Matawi somo hutoka kwa Mathayo, Marko au Luka, kwa zamu ya miaka mitatu. Ijumaa Kuu hutoka kwa Yohana, mwaka nenda mwaka rudi. Msikilizaji makini hakosi kung'amua kwamba masimulizi hayo hayaoani. Katika zile Injili tatu, Karamu ya Mwisho ni mlo wa Pasaka. Kwa Yohana, Yesu anasulubiwa siku ya maandalio, kabla mlo huo haujaliwa.

Wapo wanaoziona tofauti hizo kuwa dosari ya kufichwa, na wapo wanaozitumia kuikejeli dini. Pande zote mbili husahau kuuliza swali la msingi: ni nani aliyeandika, na alimwandikia nani?

Hakuna Injili hata moja kati ya hizo nne inayomtaja mwandishi wake kwa jina ndani ya masimulizi yenyewe. Vichwa vinavyozihusisha na Mathayo, Marko, Luka na Yohana viliwekwa na mapokeo ya Kanisa, na mtu wa kwanza kuyataja majina yote manne pamoja waziwazi ni Ireneo, askofu wa Lyon, mnamo mwaka wa 180 hivi. Kabla yake, Papia wa Hierapoli alieleza kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro aliyeandika aliyoyakumbuka, ingawa si kwa mpangilio. Kitabu cha Papia kilipotea. Maneno yake yamesalia kwa sababu Eusebio wa Kaisaria aliyanukuu katika karne ya nne.

Wasomi wengi hukadiria kwamba Marko iliandikwa karibu na mwaka wa 70, Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu, Mathayo na Luka miaka 10 hadi 20 baadaye, na Yohana mwishoni mwa karne hiyo. Zote ziliandikwa kwa Kigiriki, ilhali Yesu alihubiri kwa Kiaramu. Kwa hivyo, hata msomaji wa kwanza kabisa alipokea maneno hayo yakiwa yamekwisha kutafsiriwa, sawa na Mkipsigis, Mkikuyu au Mgusii wa Kuresoi anayeyasoma leo kwa lugha ya mama.

Marko ina aya 661, na zipatazo 600 kati ya hizo zimo katika Mathayo kwa namna moja au nyingine. Ndiyo sababu wataalamu wengi huamini kwamba Mathayo na Luka waliandika Marko ikiwa mbele yao. Aidha, wawili hao wana aya zaidi ya 200 zinazofanana ambazo Marko hana. Wapo wanaosema zilitoka katika mkusanyiko wa misemo ya Yesu uliopewa jina la Q, kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya chanzo. Hakuna aliyewahi kuuona mkusanyiko huo, na baadhi ya wasomi wanaupinga.

Kila mwandishi ana lililomkera moyoni. Marko huenda mbio, na Yesu wake ni mtu wa mateso asiyeeleweka hata na wanafunzi wake. Katika nakala mbili kongwe za karne ya nne, Sinaiticus na Vaticanus, Injili hiyo inakoma wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Mathayo huwalenga waliolelewa katika Torati: anaanzia ukoo kwa Ibrahimu na kuyapanga mafundisho katika hotuba kuu tano. Luka, ambaye anakiri mwanzoni kwamba wengine waliandika kabla yake, anaurudisha ukoo hadi kwa Adamu, baba wa wote. Yohana hana mifano ya aina ya mpanzi. Ana ishara na hotuba ndefu kuhusu Yesu ni nani.

Ni katika suala la Wasamaria ambapo tofauti hizi zinamgusa mkazi wa Kuresoi moja kwa moja. Wasamaria na Wayahudi walikuwa majirani wenye uhasama wa vizazi. Marko hawataji kabisa. Kwa Mathayo, Yesu anawakataza wale kumi na wawili kuingia mji wowote wa Wasamaria. Luka pekee ndiye mwenye mfano wa Msamaria mwema. Pia ni yeye pekee anayesimulia jinsi Yakobo na Yohana walivyotaka kuomba moto ushuke kukiteketeza kijiji cha Wasamaria kilichowanyima makao, na Yesu akawakemea. Mahali ambapo nyumba za majirani zilichomwa mwaka wa 1992, na tena katika ghasia za 2007 na 2008, aya hizo chache haziwezi kusomwa kama hadithi ya mbali. Kwa bahati njema, chini ya mfumo wa 8-4-4, ni Injili hiyo ya Luka iliyofundishwa Kidato cha Pili katika somo la Elimu ya Dini ya Kikristo. Lakini mhubiri aliyetaka kuwatenga majirani zake angeweza kuiokota amri ile ya Mathayo na kunyamazia kwamba Injili iyo hiyo inamalizikia kwa kuwatuma wanafunzi kwa mataifa yote.

Jaribio la kuzifanya Injili kuwa moja lilikwisha kufanywa zamani. Mnamo mwaka wa 170 hivi, Tatiano alizisuka zote nne kuwa simulizi moja, Diatessaron, na makanisa ya Syria yakaitumia kwa vizazi kadhaa. Katika karne ya tano Theodoreto, askofu wa Kuro, aliondoa nakala zaidi ya 200 za kitabu hicho katika makanisa ya jimbo lake, akarejesha Injili nne.