Bene haipandi: ile visi ya limitere inafanya kazi gani?

"Papa fundi, bene haipandi." Shofeli anasema hivyo mara moja tu, na kabla fundi hajainama chini ya kamio, mtu wa pembeni amekwisha kutoa dawa: "Kaza ile visi kidogo, itapanda." Hapa Musonoi, ambako kamio za malakiti zinapita mchana na usiku, maneno hayo yanasikika kwenye garaje nyingi za kando ya barabara. Na mara nyingine bene inapanda kweli. Ndiyo maana dawa hii imepata sifa kuliko inavyostahili.

Visi inayosemwa ni ya valvu ndogo iliyokaa kwenye pompi yenyewe au karibu nayo. Vitabu vya Kifaransa vinaiita limiteur de pression, na mafundi wengi wamekata neno: limitere. Kazi yake ni kuweka mpaka. Presio ya mafuta ikifika pale, valvu inafunguka na mafuta yanarudi kwenye tanki.

Pompi haitengenezi presio

Wengi tunaamini kwamba pompi ndiyo inatengeneza presio. Hapana. Pompi inasukuma mafuta tu: kila mzunguko kipimo chake, upende usipende. Presio inazaliwa pale mafuta yanapokuta kizuizi. Bene ikiwa tupu, verini (ule mkono wa chuma unaoinua) inasukuma kitu chepesi na presio inabaki ndogo. Weka mchanga wenye madini, presio inapanda. Weka udongo uliolowa wa mwezi wa kwanza, unaoshikamana na chuma sawa bukari kwenye sufuria, inapanda tena.

Maji ya robine hayafanyi hivyo. Ukifunga robine nyumbani, maji yanangoja tu ndani ya bomba. Lakini pompi ya meno, ile iliyo kwenye kamio nyingi, haijui kungoja. Fikiri verini imefika mwisho wake na shofeli bado ameshika kijiti cha kupandishia. Mafuta yanaendelea kuingia, na mafuta hayabonyei kirahisi kama hewa. Kwa muda wa chini ya sekunde moja presio inaruka juu, na haitasimama mpaka injini izimike au kitu kipasuke. Kitakachopasuka ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote siku hiyo: mpira wa mafuta, mipira ya kuziba ndani ya verini, mwili wa pompi.

Sasa ndani ya valvu. Kuna kifuniko kidogo cha chuma kinachoziba tundu. Nyuma yake kuna resori inayokikandamiza, na nyuma ya resori kuna ile visi yetu. Mafuta yanasukuma kifuniko upande huu, resori inasukuma upande ule. Mafuta yakishinda, kifuniko kinainuka, mafuta yanapita kwenda tankini. Presio ikishuka, resori inarudisha kifuniko mahali pake. Ukikaza visi, unabana resori, na mpaka unapanda. Basi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mfaransa Denis Papin, aliyeonyesha sufuria yake ya kupikia kwa mvuke huko London mwaka 1679, aliwekea kifuniko chake valvu yenye uzito juu ili sufuria isilipuke. Mama mwenye kokoti jikoni anaijua kanuni hii vizuri: hawezi kukubali mtu aweke jiwe juu ya ile kichungi inayolia ili nyama iive haraka.

Hesabu ya visi

Chukua verini yenye upana wa sentimita 10 ndani. Eneo lake ni karibu sentimita mraba 78. Kwa presio ya bari 200, verini hiyo inasukuma karibu tani 16. Kaza visi mpaka bari 250, inasukuma tani 20. Tani nne zimepatikana kwa kuzungusha ufunguo, na hakuna hata senti imetoka. Kweli inavutia.

Lakini hizo tani nne zinapita wapi? Zinapita kwenye pini za bene, kwenye masudure ya shasi, kwenye bulo za pompi. Kiwanda kilihesabu vitu hivyo vyote kwa mpaka ule wa kwanza. Mafundi wengine watajibu kwamba mpira wa mafuta unavumilia mara nne ya presio ya kazi. Ni kweli, kwa mpira mpya: ndivyo viwanda vinavyoupima, usipasuke kabla ya mara nne. Mpira uliokaa miaka kwenye jua la Kolwezi, unaosuguana na chuma kila siku, ambao mdomo wake ulibanwa tena huko sokoni, hauna tena hiyo mara nne. Na pompi na pini hazikuahidiwa hata kidogo.

Kuna jambo lingine ambalo mara nyingi halitajwi: visi haiponyeshi pompi iliyokwisha. Meno ya pompi yakilika, mafuta yanarudi nyuma kupitia ndani yake, na presio haifiki hata kwenye mpaka wa zamani. Unakaza, unakaza, bene bado inalala. Halafu siku pompi mpya inapofungwa, hakuna anayekumbuka kwamba visi ilikazwa mpaka mwisho. Pompi mpya, yenye nguvu zake zote, haina tena mlango wa kutokea. Hapo ndipo mambo yanaharibika siku ya kwanza, na lawama anapewa muuzaji wa pompi.

Dawa ni manometa. Ifunge kwenye njia ya presio, pandisha bene, soma. Kama sindano inafika kwenye namba ya kiwanda na bene haipandi, valvu haina kosa: mzigo ni mwingi, au umeshikamana mbele. Toeni mzigo. Kama sindano inabaki chini na mafuta yanachemka haraka, tafuteni pompi iliyolika, mafuta yaliyopungua, au valvu isiyoziba vizuri. Kama ni lazima kurekebisha visi, inalegezwa kwanza, mafuta yakiwa na joto la kazi, halafu inakazwa polepole macho yakiwa kwenye sindano. Kuisikiliza injini inavyolia si kipimo.

Joto na vumbi

Valvu hii ni mlinzi. Haikufanywa ifunguke muda wote. Lita 100 kwa dakika zikipita ndani yake kwa bari 200, kilowati 33 zinageuka kuwa joto ndani ya mafuta. Ni sawa kuwasha resho 33 za kilowati moja ndani ya tanki. Mafuta yakichemka yanakuwa mepesi, yanavuja zaidi ndani ya pompi, na mipira ya kuziba inakauka. Kwa hiyo shofeli aachilie kijiti mara bene inapofika juu.

Kwenye peli kubwa za machimbo valvu ni nyingi. Ile kuu inalinda pompi. Nyingine zinalinda kila verini peke yake, juu ya mafuta yanaweza kufungiwa ndani wakati kijiti kiko katikati, halafu jiwe kubwa likagonga ndoo. Pompi haikusukuma kitu, lakini presio imeruka. Valvu hizo hupangwa juu kidogo kuliko ile kuu. Tena nyingi hutumia tundu dogo sana la kusawazisha presio za ndani, dogo kuliko ncha ya kalamu. Kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, ni adui wa tundu hilo. Likizibwa na taka, valvu inabaki wazi na mashini inakosa nguvu. Kifuniko kikikwama upande wa kufunga, hakuna ulinzi, na hakuna dalili yoyote mpaka siku ya kupasuka. Filtri na mafuta safi ni rahisi kuliko hayo yote.

Mambo mawili valvu haiwezi. Haizuii bene kuanguka: mpira ukipasuka bene ikiwa juu, mafuta yanatoka na chuma kinashuka, hata limitere ikiwa mpya kabisa. Kwa hiyo hakuna kuingia chini ya bene iliyoinuliwa bila kile chuma cha kuegemeza, na kijiti cha mti hakihesabiki. Tena haizuii tundu la sindano kwenye mpira. Mafuta yanayotoka hapo yanaweza kupenya ngozi hata kama mtu amevaa glavu. Tafuteni uvujaji kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kidole. Akichomwa mtu, kidonda kinaonekana kidogo sawa cha sindano na mwanzoni hakiumi sana, lakini apelekwe hospitali saa ile ile na amwambie munganga kwamba ni mafuta ya presio, maana huenda akahitaji kupasuliwa siku hiyo hiyo ili kuokoa mkono.