Wasomaji Walioandika: Kutoka Mambo Leo hadi Masalani

Wanahistoria wa maandishi ya Kiswahili wamezoea kuwataja watunzi mashuhuri, wakawaacha wasomaji waliotuma barua na tungo zao magazetini bila ya kutaraji malipo. Makala haya yanakusudia kuwatazama hao. Swali la thamani ya maarifa yatungwayo na watumiaji wenyewe, ambalo siku hizi huulizwa juu ya intaneti, lilikwisha kutufikia zamani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi, lililochapishwa katika shule ya serikali ya Wadachi huko Tanga, lilipokea habari kutoka kwa waandikaji waliotawanyika pwani na bara. Kubwa zaidi ni Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika. Humo mshairi aliuliza, na mwingine, ambaye pengine hawakupata kuonana, akamjibu kwa tungo. Shaaban Robert na Saadani Kandoro walitunga humo. Katika miaka ya 1940 na 1950 barua za wasomaji zilibishana juu ya dansi na maana ya ustaarabu. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya elimu ilikuwa katika kule kubishana: ajuaye kwamba atajibiwa hulipima neno kabla ya kulitoa.

Hata hivyo, mlango haukuwa wazi kwa wote. Mhariri alikuwa mtumishi wa serikali, na baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, Kiswahili Sanifu chenye msingi wa Kiunguja ndicho kilichopewa heshima. Kichujio hicho kilisaidia usomaji. Kiliwanyima wengine sauti.

Masalani iko Ijara, kusini mwa Garissa, karibu na mto Tana. Wenyeji wengi ni Wasomali. Msituni wapo Waboni, yaani Waaweer, na ng'ambo ya mto wamo Wapokomo na Waorma. Sheria ya mwaka 1934 iliimarisha udhibiti wa wilaya za mpaka wa kaskazini, ambako msafiri alihitaji kibali; baada ya uhuru sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Basi, wakati wasomaji wa Tanganyika wakilumbana, Kiswahili kilifika huku hasa kwa njia ya askari, duka na darasa. (Si ajabu kwamba wapo wanaokiona hadi leo kuwa lugha ya kuamrishwa.)

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, haidai kibali cha mhariri wa serikali. Lakini uwazi peke yake haufundishi. Katika shindano la uandishi lililoandaliwa na Google kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania mnamo 2009 na 2010, baadhi ya makala zilitafsiriwa kwa mashine kutoka Kiingereza, na waandishi wengi hawakuonekana tena baada ya zawadi kutolewa. Palikosekana mtu wa kujibu.

Sasa tumfikirie mwanafunzi wa Masalani aandikaye juu ya hirola, paa ambaye Wasomali humwita arawla. Wanyama hao hawafiki 500 duniani, na baadhi yao hulindwa na jamii yenyewe katika hifadhi ya Ishaqbini. Aliyoyasikia kwa wafugaji hayamo katika vitabu vyetu. Lakini atakapotaka kueleza majira, atakwama. Gu ataiita masika, na deyr ataiita vuli, pasipo taabu kubwa. Je, jilaal? Akisema kiangazi, mzee wa pwani atamwambia kwamba miezi ya Januari na Februari ni kaskazi. Mfugaji naye atapinga: kaskazi ni upepo wa mabaharia, na jilaal ni majira ambayo mifugo husogezwa mtoni. Kamusi zetu hazijaamua, na mabishano hayo hayajapata ukurasa wa kuchapwa.