Mtaala Mpya wa Shule za Msingi na Wajibu wa Mzazi Mkatoliki

Mtaala ulioboreshwa wa elimu ya msingi ulianza kutekelezwa nchini Januari 2024, kwa kuanzia na elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Chimbuko lake ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inayofupisha elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watahitimu mwaka 2027, pamoja na kaka na dada zao wa darasa la saba. Familia yenye watoto katika madarasa hayo mawili ijiandae mapema.

Kiini cha mtaala huu ni umahiri: mtoto hupimwa kwa kile anachoweza kukitenda, wala si kwa kukariri tu. Wazo hili si geni kwetu. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha St. Mary's hapa Tabora, alilisisitiza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Kwa maoni yetu, mageuzi ya namna hii huishia vitabuni pale mwalimu mmoja anapoachiwa darasa lililofurika, huku nyumbani mtoto anayeuliza akiambiwa anyamaze.

Tabora ina utajiri wa pekee kwa ufundishaji huu. Katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, miembe ya njia ya misafara na tembe la Kwihara ni vitabu vilivyo wazi. Mtoto anayemuuliza bibi yake habari za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, au za watumwa waliopitishwa njia hiyohiyo, hazururi. Anafanya kazi aliyopewa darasani. Bibi naye, hata kama hajui kusoma, anakuwa mwalimu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Gravissimum Educationis la mwaka 1965, unafundisha kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Kanuni ya 796 ya Sheria za Kanisa inawataka washirikiane kwa karibu na walimu, walimu nao wawasikilize, na mikutano ya wazazi ithaminiwe. Msimu wa tumbaku mikutano hiyo hukosa watu. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wasipange sala wala michango siku ya kikao cha shule.