Mazombi Wote Hawa Wanatoka Wapi?

Katika vibanda vya video vya hapa Uganda, ambako VJ huifasiri filamu ya Kimarekani kwa Kiganda huku ikiendelea kuonyeshwa, filamu ya mazombi haiishi bila mtazamaji kuuliza: wote hawa wanatoka wapi? Shujaa ameua hamsini, na dirishani wamesimama mia. Katika insha hii nitalichukua swali hilo kama swali la historia, kwa maana zombi hakuanza akiwa umati. Mwanzoni alikuwa mmoja.

Anayejua Kiswahili cha Tanzania tayari ana neno la kumsaidia, nalo ni msukule. Huyo ni mtu ambaye jamaa zake wamekwisha kumzika, kumbe, kwa imani ya watu, mchawi amemchukua na kumficha ili amlimie shamba usiku. Sijasikia hadithi hata moja ambayo misukule elfu wanauzingira mji. Mchawi anao wachache, na anawataka kwa sababu ya kazi yao.

Zombi wa Haiti ni wa ukoo huohuo. Wataalamu wengi hulihusisha jina lake na Kikongo, yaani na neno nzambi, na si ajabu, kwa kuwa watu wengi waliouzwa huko walitoka Kongo. Haiti ilikuwa koloni la Ufaransa lililoitwa Saint-Domingue. Kufikia mwaka 1789 ilikuwa na watumwa karibu 500,000 na Wazungu kama 30,000, na sukari yake ililisha Ulaya. Katika mashamba ya miwa vifo vilizidi vizazi, lakini idadi ya watumwa iliongezeka, maana meli zilileta watu wapya makumi ya maelfu. Mwenye shamba alipiga hesabu akaona kununua mwingine ni rahisi kuliko kumtunza aliyepo. Hapa ndipo ninapouona umati wa kweli usiokwisha, tena wa watu waliokuwa hai.

Mtumwa alitumaini kwamba akifa roho yake itarudi Afrika. Zombi ni yule aliyenyimwa hata hilo, akafa na bado akabaki shambani. Watu wa Haiti hawakuogopa kuliwa na zombi. Waliogopa kufanywa zombi.

Wamarekani walikutana naye walipoikalia Haiti kijeshi, kuanzia mwaka 1915 hadi 1934, wakati ambapo wakulima walilazimishwa tena kufanya kazi, safari hii ya barabara. Mwaka 1929 William Seabrook alichapisha kitabu cha safari zake, kikiwa na habari ya mazombi waliopelekwa kukata miwa. Mwaka 1932 ikatoka filamu ya White Zombie. Ndani yake mazombi wanazungusha kinu cha sukari, mmoja anatumbukia kinuni, na wenzake wanaendelea kuzungusha. Hadi hapo zombi bado ni kibarua, na idadi yake inalingana na kazi iliyopo.

Mambo yaligeuka mwaka 1968, George Romero alipotengeneza Night of the Living Dead. Katika filamu ile neno zombi halitajwi kabisa. Hakuna mchawi wala shamba. Wafu wapya wanaamka na kula watu, na anayeumwa anakufa na kuamka pia. Kamera imehamia ndani ya nyumba, pamoja na watu saba waliopigilia mbao madirishani.

Sasa tufanye hesabu. Marekani ya wakati ule walikufa watu zaidi ya 5,000 kwa siku, nchi nzima, idadi ambayo askari wangeimudu. Kinachotisha ni kule kuumwa. Kila mmoja akimuuma mmoja kwa siku, kesho wako 2, keshokutwa 4, na siku ya 28 wangepita milioni 268, zaidi ya Wamarekani wote wa mwaka ule. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kinajaa kwa kurudufu. Tena kila anayeanguka anahesabiwa mara mbili: upande wetu amepungua, upande wao ameongezeka.

Hata hivyo, mwisho upo. Mazombi hawawezi kuzidi watu waliowahi kuwapo. Katika filamu ya 1968 asubuhi inafika, na raia wenye bunduki wanawamaliza bila taabu kubwa. Miaka 17 baadaye, katika Day of the Dead ya Romero huyohuyo, daktari mmoja anakadiria kwamba kwa kila mtu hai wako wafu 400,000. Ukiigawa Marekani ya 1985 kwa hesabu hiyo, unabaki na watu kama 600 hivi. Ni wengi kupita kiasi, lakini wanahesabika.

Basi kwa nini wanaonekana hawaishi? Kwa sababu tunawatazama kutoka dirishani. Chukua mji wa watu 100,000 wote wakivutwa na mlio wa risasi zako. Ukiangusha mmoja kila dakika, mchana na usiku bila kulala, utahitaji siku 69. Mtunzi hahitaji idadi isiyo na mwisho. Anahitaji tu iwe kubwa kuliko risasi zako na usingizi wako.

Nyumba iliyozingirwa na wengi waliofanywa wasiwe watu, hiyo Saint-Domingue waliijua. Mwaka 1791 watumwa waliinuka na kuchoma mashamba, na kufikia 1804 Haiti ilikuwa nchi huru. Sisemi kwamba Romero aliwafikiria hao. Yeye mwenyewe alisema aliazima kutoka riwaya ya Richard Matheson ya mwaka 1954. Ila hofu ya kibarua na hofu ya mwenye nyumba ni hofu mbili, na jina moja limezifunika zote.

Ndiyo maana, nikiombwa kutafsiri, yule wa kinuni wa mwaka 1932 namwita msukule. Neno zombi nawaachia wale wa dirishani.