Mizani na Daftari: Habari za Elimu ya Uhasibu katika Ushirika

Tumeombwa na Bodi tuandike, katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi, habari za elimu ya hesabu: jinsi ilivyoingia katika ushirika wa nchi yetu, na jinsi ilivyofika hapa kwetu. Tumekubali kwa furaha, ingawa twajua kuwa wasomaji wengi wangependa zaidi kusoma habari za bei ya kahawa. Lakini bei ya kahawa nayo huandikwa mahali, na mwenye kuiandika alifundishwa na mtu. Habari hizo ndizo tutakazozieleza.

Wazee wetu walianza kwa kuishuku mizani. Katika Jimbo la Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba walilalamika kwamba ratili zao zilipotea kati ya gunia na mizani ya mnunuzi. Dawa waliyoipata ilikuwa nyepesi: waliweka wapimaji wao wenyewe, wasimame kando ya mizani na kuutazama mshale. Mtu yeyote mwenye macho mazuri na moyo safi aliiweza kazi hiyo. Kutokana na vyama vya wakulima wale ukazaliwa, mwaka 1955, muungano mkubwa wa vyama vya ushirika ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao Bwana Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Mkulima alipokuwa mwenye mizani, shaka yake ilihama. Mizani sasa ilikuwa yake, lakini fedha zilipita katika daftari, na daftari halina mshale wa kutazamwa na kila apitaye.

Kilimanjaro mambo hayo yalikwisha kuonekana zamani zaidi. Chama cha wakulima wa kahawa kilichoundwa huko mwaka 1925, Kilimanjaro Native Planters' Association, kilikuwa na nguvu ya wanachama, lakini mambo yake ya fedha yakaja kutatizika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 ukaandikishwa muungano wa KNCU, ambao meneja wake alikuwa Mzungu, A.L.B. Bennett. Kahawa ilikuwa ya Mchaga, lakini kalamu ya kufunga hesabu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Hatusemi hivi kwa kumlaumu meneja yule. Twasema tu kwamba mwenye mali asiyejua kusoma hesabu za mali yake ni kama mgeni nyumbani kwake.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, vyama vya ushirika vilifunguliwa kwa wingi na kwa haraka, hata kwa muda wa miaka michache idadi yake ilikaribia maradufu. Kila chama kilihitaji katibu, na kila katibu alihitaji kujua leja. Watu hao hawakuwapo. Ndipo mwaka 1963 kilipofunguliwa Chuo cha Ushirika huko Moshi, na vijana wakaanza kutoka mikoani kwenda kufundishwa utunzaji wa vitabu vya fedha, sheria za ushirika na kazi za ofisi. Wengi wao walikuwa na elimu ndogo kuliko aliyo nayo leo mtoto wa kidato cha pili, lakini walirudi wakaendesha vyama vilivyouza mazao ya maelfu ya watu.

Je, chuo kilitosha? Hakikutosha. Malalamiko ya wakulima yalizidi, na mwaka 1966 Rais Nyerere aliteua kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ile ilikuta wizi, ndiyo. Lakini pia ilikuta upungufu wa wafanyakazi wenye ujuzi na wanachama wasioelewa mambo ya chama chao. Twaomba msomaji aitazame vizuri orodha hiyo. Mara nyingi tunapozisimulia habari za miaka ile twataja wizi peke yake, kwa kuwa mwizi ni mtu wa kusimuliwa. Ujinga haupendezi kusimuliwa, nao huenda ulipoteza fedha nyingi vilevile.

Yaliyofuata tutayapita upesi. Mwaka 1972 ilitungwa sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na tangu hapo uhasibu nchini ukawa taaluma yenye mitihani na daftari la wanaotambuliwa. Mwaka 1976 miungano ya ushirika ilivunjwa, kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria iliirudisha, na mwaka huohuo likaundwa shirika la kukagua na kusimamia hesabu za vyama, COASCO. Sheria tunayoitumia sasa ni ya 2013, na Chuo cha Moshi kimekuwa Chuo Kikuu cha Ushirika tangu 2014.

Sasa tuje nyumbani. Muungano wetu ulipoanza, sisi tunaoandika habari hizi tulikuwa karani msaidizi, tumemaliza kidato cha nne na kujua kujumlisha. Aliyeshika fedha alikuwa karani mwenzetu, mtu mpole, mzee kidogo kuliko sisi. Mwisho wa msimu wa kwanza, fedha zilipohesabiwa mbele ya wajumbe, sanduku lilipungua shilingi 180,000 kuliko kitabu. Tulihesabu tena hadi usiku. Upungufu ulikuwa uleule. Mwenzetu aliapa kwamba hakuchukua hata senti, na wajumbe wakatazama chini. Alisimamishwa kazi, na kabla ya miezi mitatu kwisha alihama kijiji na jamaa yake. Nyumba yake ilifungwa kwa kamba ya katani.

Katika msimu uliofuata alikuja kwetu binti mmoja, mwanafunzi wa stashahada ya uhasibu, kwa mafunzo ya vitendo. Alikuta upungufu ule bado umeandikwa, akaomba vitabu. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja tu cha fedha taslimu: zilizoingia huku, zilizotoka kule. Yeye alichukua hati zote za malipo zilizotiwa sahihi au dole gumba na wakulima, akafungua upya leja ya manunuzi kwa kufuata hati zenyewe, si kitabu chetu. Kisha akaigawa 180,000 kwa tisa. Tulidhani anacheza. Akatueleza kwamba mtu akipindua tarakimu mbili zilizo jirani, tofauti itakayopatikana hugawanyika kwa tisa bila baki; si ushahidi, bali ni dalili ya mahali pa kutafuta. Hata kabla ya alasiri kwisha alipaonyesha mahali penyewe: malipo ya siku moja, yaliyokuwa 1,640,000 katika hati, yameandikwa 1,460,000 katika kitabu. Fedha zililipwa kwa wakulima. Kalamu ndiyo iliyokosea, na huenda ilikuwa ni kalamu yetu sisi, kwa kuwa siku zile tulikuwa tukipokezana kuandika.

Siri ya elimu ile si kubwa. Kila shilingi huandikwa mara mbili, inakotoka na inakokwenda, na pande mbili lazima zilingane. Wafanyabiashara wa Italia waliitumia njia hiyo zamani sana, na mtawa Luca Pacioli akaieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494. Haimzuii mtu kukosea. Mwandishi akikosea pande zote mbili kwa namna moja, urari utalingana na kosa litabaki, ndiyo sababu mkaguzi hurudi daima kwenye hati. Lakini humlinda mtu asiye na hatia, na jambo hili hatukuwa tumeliwaza kamwe. Tulidhani uhasibu ni wa kukamata wezi.

Mkutano mkuu wa mwaka wa tatu ulikubali kutenga sehemu ya ushuru wa muungano ili vijana wawili wapelekwe Moshi. Majadiliano yalikuwa makali. Mzee mmoja aliuliza: mkimfundisha mtu hesabu, je, hamjamfundisha kuiba kwa ufundi? Swali lile halikuwa la kuchekwa, nasi hatukulicheka. Liliamuliwa kwamba wajumbe wa kamati ya usimamizi nao wapate mafunzo mafupi ya kusoma mizania, ili msomi asisome peke yake. Tulikwenda pamoja nao.

Katika vijana wale wawili, mmoja alimaliza, akakaa nasi mwaka mmoja, akaajiriwa na benki mjini. Wanachama walinung'unika kwamba tumewasomeshea wenye benki. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba mshahara tuliompa haukumtosha kupanga chumba na kumlipia mdogo wake ada, naye alitueleza hayo mapema, tukamwambia avumilie. Wa pili ndiye mhasibu wetu wa sasa. Ameanza mitihani ya Bodi ya Taifa, ili siku moja atambulike kuwa mhasibu kamili, na husoma usiku baada ya kufunga hesabu za vyama vya msingi. Mizani za kidijiti zimefika katika vituo vyetu na taarifa za vyama hupelekwa kwa kompyuta, hata wengine husema mhasibu hatahitajika tena. Sisi twaona kinyume. Mashine huandika upesi kile ilichoambiwa, na tarakimu iliyopinduliwa husafiri upesi vilevile.

Katika mkutano mkuu ujao wanachama wataulizwa kama muungano umlipie ada za mitihani iliyobaki, na kama mshahara wake upandishwe kabla hajaitwa na benki nyingine. Rai yetu ni kwamba yote mawili yakubaliwe. Tunajua kwamba fedha hizo zingeweza kununua miche ya kahawa, tena tunajua ni miche mingapi, kwa kuwa tumeihesabu.

Daftari la msimu wa kwanza limo bado katika kabati ya ofisi. Mstari ule umesahihishwa kwa wino mwekundu, na pembeni zipo sahihi za Mwenyekiti na wajumbe wawili. Karani mwenzetu tulimwandikia barua ya kumwomba radhi na kumwita arudi kazini. Hakujibu. Tulimwandikia mara ya pili. Safari hii alijibu kwa maneno machache: anawatakia wanachama heri, ana duka dogo la pembejeo na hatarudi, ila angependa apelekewe nakala ya ukurasa ule, awaonyeshe wanawe. Tuliipeleka kwa basi la asubuhi, ikiwa imepigwa mhuri wa muungano.