Reli ya Flåm

Reli ya Flåm (kwa Kinorwei: Flåmsbana) ni njia ya reli ya milimani magharibi mwa Norwei. Ina urefu wa kilomita 20.2, kutoka kituo cha Myrdal hadi kijiji cha Flåm kwenye Aurlandsfjord. Fjord ni hori nyembamba ya bahari iliyochongwa na barafu kati ya milima. Hii ni tawi la Sognefjord, iliyo ndefu kuliko zote nchini.

Myrdal iko mita 866 juu ya usawa wa bahari, Flåm mita 2 tu. Treni hushuka kimo hicho kwa muda wa saa moja hivi. Penye mteremko mkali zaidi hushuka mita 1 kwa kila mita 18, ilhali hakuna reli ya meno ya kuishikilia: ni magurudumu ya kawaida na breki tu. Ili kupata nafasi ya kushuka, njia hugeuka nyuma ndani ya mwamba, na mto wa bondeni umeelekezwa kupita chini ya reli kwa mahandaki, hivyo madaraja karibu hayakuhitajika.

Njia haikujengwa kwa ajili ya watalii. Reli ya Oslo hadi Bergen ilipofunguliwa mwaka 1909 ilipita juu milimani, na wakazi wa eneo la Sogn walihitaji kuifikia kwa mizigo, barua na safari zao. Ujenzi ulianza katika miaka ya 1920. Kati ya mahandaki 20, 18 yalichimbwa kwa mikono. Inasemekana kila mita moja ilichukua takriban mwezi mmoja. Treni za mvuke zilianza tarehe 1 Agosti 1940, miezi michache baada ya Ujerumani kuivamia Norwei, na umeme ulifuata mwaka 1944.

Baadaye barabara zilichukua kazi hiyo. Handaki la Gudvangen lilifunguliwa mwaka 1991, na lile la Lærdal, lenye kilomita 24.5, mwaka 2000. Leo abiria walio wengi ni watalii, na wengi wao hufika Flåm kwa meli. Treni husimama dakika chache kwenye maporomoko ya Kjosfossen ili wapige picha; maji hayohayo huendesha kituo cha umeme kilichojengwa kwa ajili ya reli.