Damu ya Mtoto Ilienda Wapi?

Lukenya wengi wetu tunaijua kwa mambo ya wikendi: majabali ya kupanda, upepo, na malori yakinguruma kule chini Mombasa Road. Wanaakiolojia wanaijua kwa sababu nyingine. Kwenye kilima hicho walichimbua zana za mawe, mifupa ya wanyama na kipande cha fuvu la mtu aliyeishi zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Mfupa hueleza mengi, lakini mtoto aliyepoteza damu akiwa tumboni, akazaliwa, akaishi saa chache tu, haachi alama yoyote kwenye mfupa. Ndiyo maana historia ya tatizo hili ni fupi ajabu. Nyanya aliyezaliwa mwaka wa 1945 ana umri mkubwa kuliko maelezo yake ya kitabibu.

Watoto wenyewe walikuwepo siku zote. Mtoto anatoka amepauka kama majivu, hana nguvu, anahema mbiombio. Mkunga anasema amechoshwa na uchungu mrefu. Daktari anaandika kwamba alikosa hewa. Mama naye hakutokwa na damu ya kutisha. Sasa hapo, damu ya mtoto imeenda wapi?

Mwaka wa 1948, Alexander Wiener wa New York alitoa jibu. Huyu ndiye aliyetangaza ugunduzi wa Rh pamoja na Karl Landsteiner mwaka wa 1940. Wiener alisema huenda damu hiyo haikumwagika nje hata kidogo: ilipenya kwenye kondo la nyuma, ikaingia mwilini mwa mama. Lilikuwa wazo zuri, ila ushahidi haukuwepo. Ulikuja mwaka wa 1954, pale Bruce Chown wa Winnipeg, Kanada, alipopima damu ya mama aliyejifungua mtoto wa namna hiyo na kukuta chembe za mtoto zikizunguka ndani yake.

Kilichobaki ni kupata kipimo chepesi. Tangu 1866, Ernst Körber alikuwa ameona kwamba damu ya mtoto mchanga haiharibiwi upesi na alkali kama ya mtu mzima. Mwaka wa 1957, Wajerumani Enno Kleihauer, Hildegard Braun na Klaus Betke walitumia asidi badala yake. Unapaka tone la damu ya mama kwenye kioo, unaliosha kwa asidi, kisha unatia rangi. Chembe za mama hupoteza himoglobini yake na kubaki vivuli tu. Za mtoto hubaki na rangi ya waridi. Unaziangalia kwa hadubini, unazihesabu, unapata makadirio ya damu iliyopotea. Yaani ili kujua mtoto anaumwa nini, unampima mama.

Na hesabu yenyewe ni ndogo, ndiyo inatisha. Mtoto wa kilo 3 ana kama mililita 250 za damu, pungufu ya chupa ya soda ya 300. Akipoteza mililita 50, sehemu moja kwa tano imeenda. Tena kuna mtego: akiwa amevuja ghafla karibu na kuzaliwa, himoglobini yake inaweza kusoma sawa mwanzoni, kwa sababu damu iliyobaki haijazimuliwa na maji ya mwili. Lazima apimwe tena baada ya saa kadhaa. Aliyekosa hewa mara nyingi moyo wake hupiga polepole. Aliyeishiwa damu, moyo humwenda mbio, na hata akipewa oksijeni weupe ule hauondoki.

Weupe? Kwa ngozi ya nani? Mwaka wa 1953 Virginia Apgar alichapisha alama zake za kumkagua mtoto, na moja ilidai mwili uwe wa waridi kote. Kwa mtoto wa Machakos jicho linatafuta kwingine: viganja, fizi, ndani ya mdomo.

Katika miaka ya 1970, watafiti walifuatilia familia za Matungulu na Mbiuni, Machakos hiihii, wakizitembelea nyumba kila baada ya wiki mbili. Kitabu chao kilitoka 1984. Ni miaka mingi baada ya Kleihauer, lakini akina mama wengi huko walikuwa bado wakijifungulia nyumbani, mbali na hadubini yoyote. Kipimo kilikuwepo duniani. Kwa mtoto wa Mbiuni ilikuwa kana kwamba hakipo.

Leo hali imebadilika. Huduma ya kujifungua bila malipo katika hospitali za umma ilitangazwa Juni 2013, na hadubini inayotafuta malaria inaweza kuhesabu chembe hizi pia. Kinachohitajika zaidi ni mtu wa kushuku mapema, damu ya kundi O hasi iwe karibu, na sampuli ya mama ichukuliwe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Hata kabla ya hapo, mama anayesema, "Huyu mtoto tangu jana hachezi," tayari ametoa dalili. Pengine ndiyo ya kwanza, na haihitaji maabara. Inahitaji mtu wa kumsikiliza, na asimwambie arudi wiki ijayo.